Mwizi Aliyefunga Koki

Mwizi wa Mtoni alikuwa na adabu zake. Kabla ya kuondoka na pampu, alifunga koki.

Sajenti Demetria alichuchumaa kando ya bwawa la kuogelea la Bi Mwanakombo, akazitazama koki mbili nyekundu kwenye mabomba, zote zimezungushwa hadi mwisho. Bwawa lenyewe halikuchimbwa ardhini. Lilisimama uani juu ya mchanga, kuta zake za turubai nene la buluu zikishikiliwa na nguzo za chuma, na maji yake yangemfikia mtu mzima kifuani. Pampu ilikuwa ikikaa chini, pembeni, ndani ya boksi la mbao lililoandikwa kwa rangi HATARI UMEME. Sasa boksi lilikuwa wazi na tupu.

Akachota mchanga chini ya bomba, akausugua viganjani. Ulikuwa mkavu. Mtu angeifungua pampu ile bila kufunga koki, bwawa zima lingemmwagikia miguuni na uani pangekuwa kama bonde la Jangwani lililofurika wakati wa masika. Na waya wa umeme haukukatwa. Ulichomolewa kwenye soketi, ukaviringishwa vizuri, ukatundikwa kwenye msumari. Demetria aliwajua wezi wa Temeke miaka mingi, na hakumkumbuka hata mmoja aliyeacha waya wa shaba ukining'inia.

"Shikamoo mama," alisema alipomwona mwenye nyumba akitoka jikoni.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Bi Mwanakombo alikuwa mjane wa makamo aliyelea nusu ya watoto wa mtaa ule, na hakuwa mtu wa kuacha salamu ianguke chini. Hata mtoto wa kutambaa aliitikiwa kwake. "Umeona chochote?"

"Naona mwizi wako ni msafi. Funguo za boksi anazo nani?"

"Mie ninayo moja. Fundi Kasimiri anayo moja. Nyingine inatundikwa kibandani kwa Lusungu, dharura ikitokea."

"Na pampu ilikuwa mpya?"

"Mpya kabisa. Ya kubana umeme." Bi Mwanakombo akaonyesha vyumba vya wapangaji vilivyozunguka ua. "Sie hapa nyumba nzima tuna mita moja ya LUKU. Ile pampu ya zamani ilikuwa inakula yuniti mpaka wapangaji wakawa hawanisalimii. Ndipo nikaenda Kariakoo kununua hii."

Demetria alipanda ngazi ya bwawa akachungulia. Maji yalikuwa meupemeupe, kama yaliyooshewa mchele. Hakuona sakafu.

"Maji yana ukungu, mama."

"Pampu si haipo tangu jana?"

Demetria alipitisha kidole kwenye turubai. Ukungu ule haukuwa wa siku moja. Ulikuwa umeshaacha utando mzima kwenye turubai.

Kwa mkuu wake, Inspekta Valerian, kesi ilikwisha jana ileile. Geti zima, kufuli zima, mlinzi ndani: kuna la kutafuta tena? Kwa hiyo Lusungu, mlinzi wa geti la Bi Mwanakombo, alilala selo. Leo ilikuwa Ijumaa. Karandinga la kupeleka mahabusu mahakamani lingeondoka baada ya swala, na Iddi ilikuwa mlangoni. Akipandishwa leo akakosa wa kumdhamini, sikukuu yote ingempita akiwa mahabusu, na kazi ya ulinzi asingeipata tena Mtoni wala kwingine. Nani angempa geti mtu aliyewahi kufungwa kwa wizi wa getini?

"Hivi mmemfungia kweli?" Bi Mwanakombo aliuliza kwa sauti ya chini. "Mie nilikuja kutoa taarifa tu. Sikumtaja mtu."

"Hukuhitaji kumtaja. Kukiibiwa, mlinzi ndiye wa kwanza kuwekwa ndani. Ndivyo mambo yanavyokwenda."

"Amekula lakini?"

"Mkewe amempelekea chakula."

Bi Mwanakombo aliuvuta upindo wa khanga yake, akaukunja, akaukunjua. Kisha akasema ana kitu jikoni.

*

Kituoni, Tupokigwe, mke wa Lusungu, alikuwa bado kwenye benchi na hotipoti ya ndizi mapajani. Demetria alimpita akaagiza mumewe atolewe selo. Lusungu alikuja peku, suruali kaishika kwa mkono kwa sababu mkanda ulibaki kaunta.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Nieleze usiku ule, usiruke kitu."

"Nilikuwa getini, afande. Pampu ilinguruma usiku kucha kama kawaida yake. Mimi nikiisikia najua umeme upo, nakuwa na amani. Alfajiri ikanyamaza. Nikajua ni mama, huwa anaizimaga akiamka kula daku. Kulipopambazuka nikakuta boksi wazi."

"Iliponyamaza hukwenda kutazama?"

"Nimekatazwa kulisogelea boksi lile. Maji na umeme, afande, mimi nina mtoto."

"Umesema ilinguruma."

"Kama mashine ya kusaga."

Demetria aliyaandika maneno hayo kama yalivyo. Hakuyaona kuwa na uzito wowote. Yalikuwa maneno ya mtu aliyekesha karibu na mashine.

*

Duka la Theonest lilikuwa Kariakoo, kwenye ghorofa ya chini ya jengo lililojaa mabomba na matangi. Theonest alikuwa Mhaya mnene, mcheshi, na aliposikia lafudhi ya kwao kwa Demetria alimvutia kiti cha plastiki kama ndugu aliyepotea. Bi Mwanakombo alimkumbuka mara moja.

"Yule mama alikuja anataka hosi pawa mbili. Dada yangu, wote wanataka hosi pawa mbili! Unajua kwa nini? Mtu wa Dar pampu anayoijua ni ile ya kutoa maji kisimani kupandisha kwenye simtanki, juu kwenye mnara. Kule nguvu inatakiwa. Ila bwawa lake limekaa juu ya ardhi, pampu iko chini yake. Maji yanashuka yenyewe. Pampu ya bwawa haipandishi kitu, inayazungusha tu yapite kwenye chujio yarudi."

Demetria alikuwa na kisima na simtanki kwake Mbagala, na pampu ya hosi pawa mbili. Angeulizwa asubuhi ile, angemshauri Bi Mwanakombo vilevile.

"Kwa hiyo ulimuuzia ndogo?"

"Nilimuuzia inayopunguzwa mwendo. Pampu za zamani zina mwendo mmoja tu, mbio. Hii unaiweka itembee polepole, kutwa nzima. Na hapo ndipo penye siri: ukipunguza mwendo ukawa nusu, umeme haupungui nusu, unashuka chini kabisa. Tena inaheshimu chujio. Pampu ikiwa na nguvu kuliko chujio, inasukuma uchafu unapenya unarudi bwawani. Unakuta maji yana ukungu, mtu anamwaga dawa kila siku, hayatakati."

Akatoa pampu ya namna ileile, akaiunganisha kwenye beseni la maji lililokuwa kaunta kwa ajili ya kuwaonyesha wateja. Demetria akasubiri.

"Washa basi."

"Imewaka zamani. Shika bomba."

Demetria aliweka kiganja. Bomba lilikuwa likitetemeka kidogo, kama koo la paka anayepapaswa. Zaidi ya hapo hakukuwa na kitu, na kelele za wapiga debe wa nguo nje ya duka zilisikika zote.

"Hailii?"

"Kwa mwendo wa polepole? Hata ukilala nayo chumba kimoja hutaisikia."

"Mlinzi anasema ilinguruma usiku kucha."

Theonest akacheka. "Basi mlinzi wako alikuwa anaota. Au hakuwepo." Akaipangusa pampu, akaendelea: "Mie hata kesho nilikuwa niende huko. Kuna mpangaji wao, Bernadeta, amenisumbua kwa simu wee. Anasema tangu inunuliwe yuniti zinaisha vilevile, nije niifungue mbele yao niitazame. Mama mwenyewe alikuwa pale pembeni, nikamsikia anasema haya, na aje."

Demetria alitoka nje akampigia Inspekta Valerian, kwa sababu hiyo ndiyo kazi: unachokipata unakitaja, kikupendeze kisikupendeze.

"Umeona?" Inspekta alisema. "Mtu anakudanganya kuhusu sauti ya kitu alichokiiba mwenyewe. Ameshajifunga. Anapanda karandinga."

"Naomba usifunge jalada hadi watu watoke msikitini, afande. Nina koki mbili zinanikera."

"Koki!" Inspekta alisonya. "Hadi watoke msikitini. Siyo zaidi."

Akiwa nyuma ya bodaboda kurudi Mtoni, Demetria alilipindua lile jambo. Kama Lusungu aliiba, aliigusa pampu ile, aliiona, aliizima kwa mkono wake. Mwizi anayetunga uongo hutunga juu ya kitu anachokijua. Huyu alikuwa ametunga uongo ambao muuzaji yeyote wa Kariakoo angeucheka, akautoa bila kuulizwa, tena akiwa ametulia. Ama alikuwa mjinga kupita kiasi, ama hakuwa anadanganya.

*

Chumba cha Bernadeta kilitazamana na boksi la pampu. Mwenyewe alikuwa fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi, na siku ile alikuwa amezungukwa na magauni ya Iddi ya watoto wa watu.

"Uliisikia pampu juzi usiku?" Demetria alimuuliza.

"Nisiisikie nina pamba masikioni? Lile dude linavuma mpaka vikombe vinagongana kabatini! Juzi, siku ya nyuma yake, kila siku."

"Hii mpya?"

Bernadeta aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Hapo ndipo paliponishinda mie. Walipoifunga ile mpya, siku za mwanzo kimya kabisa. Tukalala kama watoto. Nikasema haya, leo mama katupatia dawa. Mara ikaanza tena, ileile sauti, na yuniti zikaanza kuisha mbio vilevile. Nikimuuliza mama, ananiambia cherehani langu ndilo linalokula umeme. Cherehani, afande! Ndiyo maana nikamtafuta muuzaji aje afungue lile boksi."

Demetria alisimama mlangoni akalitazama bwawa. Theonest hakuwa amedanganya: pampu yake hailii. Lusungu hakuwa amedanganya: ilinguruma. Bernadeta alizisikiliza pampu zote mbili bila kujua, kwanza kimya, halafu mngurumo. Watu watatu wakweli, na njia moja tu ya kuwakalisha pamoja. Kilichokuwa ndani ya boksi juzi usiku hakikuwa pampu ya Theonest. Lilikuwa lile dude la zamani, na maji yenye ukungu yalikuwa yakilisema hilo tangu asubuhi.

Kijiwe cha fundi Kasimiri kilikuwa karibu, kwenye kituo cha daladala cha Kwa Azizi Ali. Alikutwa ameinama juu ya mota ya friji, na Demetria hakumpa nafasi ya kuinuka vizuri.

"Kasimiri, ile pampu ya zamani uliirudisha lini?"

Fundi alishusha bisibisi. "Kakuambia nani?"

"Maji."

Kasimiri alitazama huku na huku, akaona hapana pa kukimbilia. "Mie niliagizwa, afande. Niliifunga mpya, nikamwekea mwendo mdogo kama muuzaji alivyosema. Baada ya siku chache ananiita: Kasimiri, hii imekufa, haitoi hata sauti. Namwambia ndivyo ilivyo, hataki. Ananiambia, pampu isiyonguruma inasukuma nini? Watoto wanaokuja kuogelea Iddi niwatie kwenye maji yaliyolala? Basi, nikamrudishia dude lake."

"Na mpya ulipeleka wapi?"

"Niliiacha sebuleni kwake, kwenye boksi lake. Akaniomba nisiwaambie wapangaji, watamcheka."

"Mlinzi amelala selo, wewe umekaa kimya."

"Si niliambiwa pampu imeibiwa? Nikajua wameiba ile ya zamani." Akainamisha kichwa. "Na nyie hamkuniuliza."

Hilo lilikuwa kweli, na Demetria hakulipenda.

*

Alivua viatu kwenye kizingiti cha Bi Mwanakombo, akaingia. Mama alikuwa akimenya viazi vya futari. Hakuinua uso.

"Mama, nionyeshe ziliko pampu."

Kisu kilisimama. Bi Mwanakombo akakiweka kwenye sinia, akajishika magoti, akainuka. Chumbani aliinua shuka lililofunika uvungu wa kitanda. Huko kulikuwa na boksi jipya la karatasi ngumu, na pembeni yake kitu kizito kilichoviringishwa khanga iliyolowa. Demetria alipiga picha vyote viwili kabla ya kuvigusa.

"Niliwaita wapangaji wote hapo uani," Bi Mwanakombo alisema akiwa amesimama. "Nikawaambia kila mtu azime pasi, azime feni, mie nimenunua pampu ya kubana umeme. Halafu nikaiogopa. Nilikaa pale na kiti nikaisikiliza, haisemi. Nikaona nimetapeliwa, na duka limeandika mali ikiuzwa hairudi. Nikarudisha lile dude, yuniti zikaisha, nikawalaumu wao. Bernadeta nimemwambia maneno mabaya, mwanangu. Halafu anasema anamleta muuzaji aje afungue boksi, mbele yao wote."

"Ukaona bora iibiwe."

"Nikafunga koki kama ninavyofungaga tukisafisha. Nikaibeba. Nilijua mtaandika wezi wasiojulikana, yaishe. Lusungu sikumfikiria hata kidogo, wallahi."

"Na walipomchukua?"

Bi Mwanakombo alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Jana jioni nilifika mpaka nje ya kituo chenu. Yule binti, mkewe, alikuwa pale na hotipoti. Nikarudi."

Demetria alikuwa na hasira, na aliiacha ikae ilipokuwa. Kulikuwa na kazi bado: ilimbidi ahakikishe kwamba pampu iliyokuwa uvunguni ndiyo iliyouzwa na kwamba ni nzima. Akaibeba hadi uani, akaiweka ndani ya boksi la mbao, akakaza viungo kwa mkono, akafungua koki, akachomeka waya. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Bernadeta alikuwa ametoka mlangoni na futi ya kushonea shingoni, na wapangaji wengine wawili nyuma yake.

Bwawa lilikuwa kimya.

"Unaona?" Bi Mwanakombo alisema, na sauti yake ilikuwa na tumaini la kuhuzunisha. "Imekufa."

"Lete mkono, mama."

Akaukamata mkono wa mama, akauweka juu ya bomba linalorudisha maji. Bi Mwanakombo alitulia. Kisha akakunja uso, akasogeza kiganja, akakirudisha. Kwenye mdomo wa bomba, ndani ya bwawa, jani kavu la muarobaini liliacha kuelea mahali pamoja likaanza safari yake polepole kuzunguka turubai.

"Inakwenda?"

"Inakwenda. Ilikuwa inakwenda tangu siku ya kwanza."

Mama hakuondoa mkono. Alibaki ameinama, watu wakimtazama, aibu yote aliyoikimbia imemfikia uani kwake mchana kweupe. Kule msikitini imamu alikuwa ameshatoa salamu, na wanaume wa kanzu walianza kupita nje ya geti lisilo na mlinzi.

"Vaa baibui lako," Demetria alisema, akiliinua dude la zamani kulipeleka kwenye bajaji. "Karandinga halitatusubiri."

*

Karandinga lilikuwa limeshawashwa walipofika kituoni. Mahabusu walikuwa wamepangwa ukutani wawili wawili, na Lusungu alikuwa wa nyuma kabisa, bado ameshikilia suruali yake. Demetria aliitua pampu ya zamani juu ya meza ya Inspekta Valerian, akamweleza kwa kifupi. Inspekta alisikiliza, akaligonga lile dude kwa kalamu, akauliza kama mama ameelewa kwamba kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa.

"Ameelewa, afande. Yuko nje, anasubiri kutoa maelezo."

"Mtoe huyo mlinzi," Inspekta alisema.

Bi Mwanakombo alikuwa amesimama kando ya mlango. Tupokigwe, ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemwambia chochote, alisogea kwenye benchi akampisha. "Karibu mama, kaa. Umechoka na swaumu." Bi Mwanakombo akakaa pembeni yake.

Kaunta walimrudishia Lusungu mkanda na viatu. Alivivaa bila haraka, akafunga kamba, akatoka barazani. Alipomwona mwajiri wake kwenye benchi, bega kwa bega na mkewe, uso wote ulifunguka.

"Nilikuambia mie," akamwambia Tupokigwe. "Nilikuambia mama hawezi kuniacha humu. Atakuja kunitoa."

Akaja mbele ya benchi, akainamisha kichwa kama alivyofanya getini kila asubuhi.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwanakombo alifungua mdomo. Aliitazama mikono yake mapajani, akamtazama Tupokigwe, akamtazama kijana aliyesimama pale akingoja. Marahaba ni neno jepesi, na katika maisha yake yote halikuwahi kumpotea. Demetria aliyekuwa mlangoni na karatasi za maelezo alimngoja alitamke, akangoja, mpaka Lusungu akainua kichwa mwenyewe, akaanza kuelewa.

"Bi Mwanakombo," Demetria akaita. "Njoo tuanze."